Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2023: Maji ya Ruvu na Nafasi Yetu Kati ya Mitambo Miwili

Ndugu wanachama wenzangu,

Katiba ya Jumuiya yetu ya watumia maji inamtaka mwenyekiti awasilishe taarifa yake kila mwaka mbele ya mkutano mkuu. Hesabu za fedha zitasomwa na Mweka Hazina, na utekelezaji wa maazimio ya mwaka uliopita utaelezwa na Katibu, kwa hiyo sitayarudia hapa. Nitajikita katika jambo moja lililochukua sehemu kubwa ya vikao vyetu vya mwaka 2023, nalo ni nafasi yetu sisi wakulima, wafugaji na wavuvi wa Ruvu katika mto ambao ndio unaolinywesha jiji la Dar es Salaam na sehemu kubwa ya Mkoa wa Pwani. Msimamo wangu, ambao Kamati ya Utendaji iliukubali baada ya mjadala mrefu ambao haukuwa mtamu, ni kwamba hatutaweza kuitetea haki yetu ya maji mpaka tuanze kuyapima wenyewe maji tunayochota.

Ni vizuri kwanza tukumbushane mto wenyewe, maana wengi wetu tunaujua pale tu unapopita mashambani mwetu. Ruvu huanzia katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, ambako mteremko wa mashariki, unaopokea upepo wa bahari, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, huku kilele cha Kimhandu kikifikia mita 2,630. Mito midogo inayoteremka kutoka upande huo ndiyo inayoushikilia mto wakati wa kiangazi, kwa sababu misitu ya huko juu huyanyonya maji ya masika na kuyaachia polepole kupitia chemchemi. Mgeta huizunguka milima kwa upande wa kusini kabla ya kujiunga na Ruvu, na Ngerengere hujaza bwawa la Mindu linalounywesha mji wa Morogoro, hupita katika mji huo, kisha hubeba kila kinachomwagwa humo mpaka huku kwetu. Baada ya hapo mto huingia tambarare, hupita chini ya daraja la barabara ya Morogoro, hufika Mlandizi, na hatimaye humwaga maji baharini kaskazini mwa mji wa Bagamoyo.

Katika safari hiyo ya tambarare ndipo ilipo mitambo miwili ya kuzalisha maji ya jiji, ambayo sisi tumekaa katikati yake. Mtambo wa Ruvu Juu, uliopo Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959, wakati Dar es Salaam ilipokuwa mji mdogo, na leo, baada ya upanuzi uliogharimiwa kwa mkopo kutoka India, una uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku, kutoka lita milioni 82 za awali. Mtambo wa Ruvu Chini, uliopo Bagamoyo, ulijengwa mwaka 1976, na kwa msaada wa Marekani ulipanuliwa kutoka lita milioni 180 hadi milioni 270 kwa siku. Ule wa kwanza husukuma maji kuelekea Kibaha, Kibamba na Kimara. Wa pili huyapeleka katika matangi ya Chuo Kikuu kupitia bomba kubwa linalofuata upande wa pwani. Mtambo wa Mtoni, unaotegemea mto Kizinga, una uwezo wa lita milioni 9 tu, na visima virefu vya Kigamboni vilivyozinduliwa Novemba 2022 vinatarajiwa kutoa lita milioni 70. Kwa lugha nyepesi, jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ililihesabia watu 5,383,728 linategemea mto wetu kwa zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake wote wa kuzalisha maji.

Nimeyataja haya ili mwanachama anayeuliza kwa nini tunafuatwafuatwa kila kiangazi apate jibu. Hakuna maji ya Dar es Salaam na maji ya kwetu yanayopita katika mito tofauti. Kuna mkondo mmoja, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 imeshapanga nani anatangulia: matumizi ya majumbani kwanza, kisha maji ya kuhifadhi mazingira, ndipo shughuli za uzalishaji zifuate. Mpunga wetu, bamia zetu na matikiti yetu yamo katika kundi la tatu. Wapo wanachama waliosema katika kikao cha Machi kwamba utaratibu huo ni wa uonevu, kwa kuwa sisi tulikuwa hapa kabla ya mabomba. Mimi sioni hivyo. Mama anayechota ndoo Manzese, jijini, ana haki ya kutangulizwa mbele ya tuta langu la bamia, na sitapenda Jumuiya hii isikike ikisema vinginevyo. Tunachopaswa kudai ni kwamba tunapoambiwa tusimame, tusimamishwe kwa kiasi kinachojulikana na kwa muda unaojulikana, na kwamba wengine wanaochota nao wahesabiwe.

Hilo ndilo lililokosekana mwishoni mwa mwaka 2022. Vuli ya mwaka ule ilichelewa, mto ukashuka, uzalishaji wa mitambo miwili ukaporomoka kutoka takriban lita milioni 466 hadi milioni 300 kwa siku, na mwezi Oktoba jiji likaingia katika mgao wa maji. Wenye pampu kandokando ya mto waliamriwa wasimamishe uchotaji. Amri ilikuwa halali na hali ilikuwa mbaya kweli. Anayebisha hakuuona mchanga uliokuwa wazi katikati ya mto. Lakini katika vikao vilivyofuata, kila tulipoulizwa Jumuiya yetu inachota kiasi gani, hatukuwa na la kujibu. Tulisema "kidogo", na upande wa pili ukasema "kingi", na mwenye neno hilo la pili ndiye aliyekuwa na kalamu. Wapo wanachama waliopoteza msimu mzima wa mboga, na wapo wachache waliochota usiku wakati wenzao wamezima, jambo lililotuletea aibu kubwa kuliko hasara ya mboga.

Naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo, kwa sababu bila hesabu mjadala huu hurudi palepale. Mitambo miwili ikifanya kazi kwa uwezo wake wote huhitaji lita milioni 466 kwa siku, ambazo ni sawa na mita za ujazo 5.4 hivi kwa kila sekunde. Pampu ya petroli ya inchi tatu, ambayo wengi wetu tunaitumia, huandikwa na watengenezaji wake kwamba inaweza kutoa hadi lita 1,000 kwa dakika. Pampu 100 za aina hiyo zikiwashwa kwa wakati mmoja huweza kuvuta karibu mita za ujazo 1.7 kwa sekunde, yaani karibu theluthi moja ya mahitaji ya mitambo yote miwili. Katika mwezi wa Aprili, mto ukiwa umejaa, kiasi hicho hakionekani hata kidogo. Katika mwezi wa Oktoba wa mwaka wa ukame ndicho kinachoamua kama pampu za Ruvu Chini zitavuta maji au zitavuta hewa. Kwa kweli pampu zetu haziwashwi zote kwa pamoja, hazifanyi kazi saa 24, na nyingi zimechoka kiasi cha kutofikia uwezo ulioandikwa. Lakini hayo yote ni maneno tu mpaka yaandikwe katika daftari.

Ndiyo maana mwaka huu Kamati iliweka nguvu zake katika mambo ambayo kwa nje yanaonekana madogo. Tuliandikisha pampu zote za wanachama, ukubwa wake, mahali zinapochota na mazao yanayomwagiliwa. Tulisimika vipimo vya kina cha maji katika sehemu tulizokubaliana na wataalamu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na tukawafundisha vijana wetu kuvisoma asubuhi na jioni. Tuliomba pia, na tukakubaliwa, kupewa takwimu za kituo cha kupimia mto cha 1H8, kilichopo kwenye daraja la barabara ya Morogoro, ili tulinganishe kinachopita pale na kinachoonekana huku kwetu. Zoezi la kuandikisha pampu halikwenda vizuri kila mahali. Baadhi ya wanachama walidhani daftari ni mtego wa kuwatoza ada, wakazificha pampu zao kwenye migomba. Nawashukuru wazee wa vitongoji waliokaa nao mpaka wakaelewa kwamba ada ya kibali cha kutumia maji ipo tayari kisheria, daftari liwepo au lisiwepo, na kwamba mwenye kibali ndiye anayesikilizwa siku ya mgao, ilhali asiye nacho huhesabiwa kuwa mwizi hata akichota ndoo mbili.

Utaratibu wa zamu ulijaribiwa katika wiki za mwisho za Septemba, kabla mvua hazijaanza. Vijiji vya juu vilichota siku zao na vya chini siku zao, na usiku hakuna aliyeruhusiwa kuwasha. Ulifuatwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Hata hivyo sitaki tujisifu mapema, kwa sababu mto haukuwa umeshuka sana na hivyo hatukujaribiwa ipasavyo.

Kama mnavyokumbuka, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema kwamba vuli ya mwaka huu ingekuwa ya El Niño, na kweli kuanzia Oktoba mvua ilinyesha kupita kawaida. Waliolima karibu kabisa na kingo walipoteza mashamba. Ninawapa pole, lakini ni lazima niseme pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na sehemu kubwa ya mashamba yaliyosombwa ilikuwa ndani ya mita hizo. Mafuriko pia yametukumbusha kwamba shida ya maji ya kunywa haiko katika kiangazi peke yake. Mto ukijaa tope, mitambo hulazimika kutumia shabu na klorini nyingi zaidi ili kuyasafisha maji, na tope likizidi kiwango fulani uzalishaji hupunguzwa ingawa mto umefurika. Tope hilo linatoka katika miteremko isiyo na miti, kwenye matanuri ya tofali, katika uchimbaji wa mchanga na katika kingo zinazokanyagwa na ng'ombe. Sehemu yake inatoka kwetu.

Kuhusu ng'ombe, makubaliano yetu na wafugaji yamesonga hatua moja tu. Njia za kushukia mtoni zimebainishwa, lakini mabirika ya kunyweshea nje ya ukingo hayajajengwa, na lambo tulilolipendekeza katika kijiji cha juu bado linasubiri fedha. Mpaka hayo yafanyike, kumlaumu mfugaji kwa kuleta mifugo mtoni ni kumlaumu kwa kutoiacha ife. Wanachama wetu wa upande wa chini, karibu na mdomo wa mto, wameniomba niseme pia juu ya chumvi: maji ya mto yakipungua, maji ya bahari hupanda kinyume na mkondo, na wao ndio huonja kiangazi kabla ya mtu yeyote. Maji ya mazingira ambayo sheria imeyapa nafasi ya pili yana maana hiyo, kuuacha mto ufike baharini ukiwa na nguvu ya kuisukuma chumvi na kuilisha mikoko.

Mwezi Julai wajumbe wetu walitembelea vijiji vya Uluguru, na taarifa yao ndiyo iliyonigusa kuliko zote za mwaka huu. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha huko mpango wa kuwalipa wakulima wa eneo la Kibungo kwa kutunza vyanzo: kuchimba matuta ya fanya juu na fanya chini yanayozuia udongo kusombwa, kupanda miti pamoja na mazao, kuacha kulima kwenye miteremko mikali. Wanunuzi wa huduma hiyo walikuwa kampuni ya maji ya jiji wakati huo, DAWASCO, pamoja na Coca-Cola Kwanza. Wazo lilikuwa sahihi kabisa, kwamba anayekunywa chini amlipe anayetunza juu. Kasoro yake, kwa maoni yangu, ni kwamba liliegemea mradi, na mradi ukiisha malipo hukoma wakati mteremko unabaki palepale. Wazee waliozungumza na wajumbe wetu hawakukataa matuta, ila waliwakumbusha kwamba Waluguru waliwahi kulazimishwa kuyachimba bila malipo chini ya mpango wa serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950, na kwamba jambo hilo liliishia katika ghasia za mwaka 1955. Anayetaka kuhifadhi Uluguru leo aanze kwa kuijua historia hiyo. Kamati imeazimia kuunga mkono pendekezo kwamba sehemu ndogo ya bili ya maji ya jiji itengwe moja kwa moja kwa vijiji vya vyanzo, na kwamba sisi wa katikati, tunaonufaika na chemchemi zilezile, tuchangie kutoka katika ada zetu. Najua hili la pili halitapigiwa makofi.

Sasa niseme juu ya bwawa la Kidunda, linalojengwa kwenye mto wetu, juu ya hapa tulipo. Baada ya miongo mingi ya kuzungumzwa, mkataba wa ujenzi ulitiwa saini Novemba 2022 mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, na mkandarasi ni kampuni ya Sinohydro. Bwawa linatarajiwa kuhifadhi lita bilioni 190 na kuzalisha megawati 20 za umeme. Ukizigawa lita hizo kwa mahitaji ya siku moja ya mitambo miwili, unapata zaidi ya siku 400, na nimesikia hesabu hiyo ikitajwa vijiweni kana kwamba kiangazi kimeshakufa. Hesabu hiyo haina ndani yake mvuke unaopotea juani, wala maji ya mazingira, wala tope litakalolala chini ya bwawa mwaka hadi mwaka. Tena Kidunda iko juu ya mahali Ngerengere inapoungana na Ruvu, kwa hiyo bwawa halitazuia uchafu wala mafuriko ya mto huo.

Kwetu sisi kuna jambo kubwa zaidi. Siku bwawa litakapoanza kufanya kazi, maji ya kiangazi yatakayopita hapa yatakuwa maji yaliyofunguliwa kwa makusudi, kwa kiasi kilichopimwa langoni, yakitarajiwa yafike Mlandizi na Bagamoyo. Leo mto ukipungua, wa kulaumiwa ni mvua. Siku hiyo, kiasi kitakachofunguliwa Kidunda kitajulikana, kitakachofika mitamboni kitajulikana, na pengo la katikati litasomwa kuwa ni sisi, hata kama sehemu yake imenyonywa na mchanga au imepanda hewani. Jumuiya isiyo na vipimo vyake itabebeshwa pengo lote. Jumuiya yenye daftari la miaka miwili au mitatu inaweza kukaa mezani na kusema hiki ni chetu na hiki si chetu, na inaweza hata kuomba fungu lake liandikwe katika utaratibu wa kufungua lango. Muda wa ujenzi ndio muda wetu wa kujiandaa, na mwaka mmoja umeshapita.

Upande wa pili wa mizani nao usisahaulike. Kwa miaka mingi taarifa za EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, zimeonyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya maji yanayozalishwa kwa ajili ya jiji hayafiki kwenye bili, ama yamevuja katika mabomba chakavu, ama yamechukuliwa kwa maunganisho haramu, ama dira za maji za wateja hazisomi sawasawa. Theluthi ya lita milioni 466 ni takriban lita milioni 155 kwa siku, ambazo ni mita za ujazo 1.8 kwa sekunde. Linganisheni na pampu zile 100 nilizozitaja. Sehemu ya maji hayo bado yanamfikia mtu na kunyweka, kwa hiyo si haki kuyaita yote kuwa yamepotea, lakini kinachovuja ardhini barabarani hakimnufaishi mkulima wala mama wa Manzese. Nililisema hili katika kikao cha wadau wa bonde na nikasikilizwa kwa adabu. Nitalisema tena, na nitalisema kwa nguvu zaidi nikiwa na takwimu zetu mkononi.

Kwa hiyo ninaleta mbele yenu maazimio matatu ili myajadili na kuyapigia kura leo. La kwanza ni kwamba kuanzia Juni 2024 pampu ya mwanachama yeyote inayozidi inchi tatu isiwashwe bila kufungwa dira ya maji, na kwamba mfuko wa Jumuiya umkopeshe nusu ya gharama mwanachama asiyejiweza. La pili ni kwamba utaratibu wa zamu uanze kutumika pindi kipimo cha kwenye daraja kinaposhuka chini ya kiwango tutakachokubaliana na Bodi ya Bonde, bila kusubiri amri ya mkoa, na kwamba anayechota usiku wakati wa zamu afutiwe uanachama baada ya onyo moja. La tatu ni mchango wetu kwa vijiji vya Uluguru, ambao Kamati inapendekeza utokane na sehemu ya ada za mwaka na usiwe tozo mpya. Maelezo ya kila azimio yamo katika karatasi mlizopewa mlangoni. Mwanachama mwenye marekebisho ayawasilishe kwa Katibu kwa maandishi kabla ya mapumziko ya mchana, kwa kuwa kura zitapigwa mara tu tutakaporudi.